Kipaji cha Binti ni Mali ya Nani?

Binti anapozaliwa, wazazi wengi katika nchi yetu hujiuliza maswali mawili: je, atasoma, na je, ataolewa na nani? Swali la tatu huulizwa mara chache, nalo ni hili: Mwenyezi Mungu ameweka nini ndani ya mtoto huyu, na hicho alichokiweka ni mali ya nani? Je, ni cha baba aliyemlisha? Ni cha ukoo uliompa jina? Au ni chake mwenyewe, akitumie apendavyo pasipo kuulizwa na mtu?

Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, hukatwa kwa matendo hasa wakati wa likizo ya Desemba, tena bila maneno mengi. Leo twapenda kulitazama kwa njia ambayo huenda wasomaji wetu hawakuitazamia, yaani kwa njia ya mchezo wa tenisi, na maisha ya wasichana walioufanya mchezo huo kuwa kazi.

Ukivuka mpaka pale Sirari, unaingia Kenya, ambako Wakuria wa Tarime wana ndugu zao wa damu. Katika nchi hiyo alizaliwa mwaka 2004 binti aitwaye Angella Okutoyi, pamoja na pacha wake wa kike. Mama yao alifariki katika uzazi, na bibi yao akabaki na mzigo wa kuwalea. Wengi wangalisema kwamba yatima wa namna hii hana njia ila njia ya unyonge. Lakini Angella alishika raketi angali mtoto mdogo, na watu wazima waliomzunguka hawakumnyang'anya.

Mwezi wa Januari mwaka 2022, akiwa hajatimiza miaka 18, alicheza huko Melbourne katika mashindano makubwa ya Australia upande wa wasichana wadogo. Akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mchezo katika mashindano ya ngazi hiyo, naye alishinda michezo miwili kabla ya kutolewa. Mwezi wa Julai mwaka huo huo alikwenda Wimbledon, mjini London, akashirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi katika mchezo wa wawili wawili. Siku ya mwisho walishindwa seti ya kwanza, wakashinda ya pili, na katika pointi za kuamua wakapata 11 kwa 9. Hivyo Mkenya akatwaa kombe la Wimbledon la wasichana. Baadaye Angella alikwenda kusoma na kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani. Na mwezi wa Machi 2024, katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Accra, Ghana, alipata medali ya dhahabu.

Tena mmoja wa wasichana wawili wa Kanada walioshindwa siku ile ya Wimbledon aliitwa Victoria Mboko, ambaye wazazi wake walihama kutoka Kongo. Miaka mitatu baadaye, Agosti 2025, binti huyo wa Kikongo alitwaa kombe kubwa la Kanada mjini Montreal, mbele ya mabingwa wa dunia.

Habari hizi hufurahisha moyo. Hata hivyo twaona hatari ndani ya furaha yenyewe. Mzazi aweza kuzisoma, akaweka gazeti chini, akasema: "Kumbe binti aweza kuleta mali kuliko ng'ombe!" Na hapo atadhani ameongoka, kumbe amebadili sarafu tu. Jambo hilo ndilo twataka kulijadili.

Tuanze kwa kutenda haki. Mahari, kama wazee walivyoikusudia, haikuwa bei. Ilikuwa shukrani kwa wazazi, ushahidi mbele ya watu kwamba ndoa ni ndoa kweli, na kamba ya kufunga koo mbili. Kanisa halikuilaani. Twajua pia kwamba katika boma la Mkuria ng'ombe walioingia kwa ajili ya dada ndio hao hao waliotoka kwa ajili ya kumwolea kaka, na kwa hiyo dada na kaka walifungamana kwa namna ambayo mgeni hawezi kuielewa upesi. Lakini kitu chema huharibika pale shukrani inapogeuka kuwa hesabu. Baba anapomtazama binti wa miaka 13 na kuona idadi ya mikia, ile shukrani imekwisha kufa, na kilichobaki ni biashara.

Biashara hiyo ina adui wake, nao ni wakati. Binti akikaa shuleni, ng'ombe huchelewa. Kwa hiyo hutafutwa njia ya kumfanya mtu mzima kabla ya siku zake, na njia hiyo ni ukeketaji. Sheria ya nchi imeukataza kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Pamoja na hayo, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara, kati ya wanawake 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 32 walikuwa wamekeketwa. Na ule wa mwaka 2022 ukaonyesha 28. Hesabu inashuka, twamshukuru Mungu, lakini inashuka polepole. Kituo cha Masanga huko Tarime na nyumba salama ya Mugumu huko Serengeti vimewapokea wasichana waliokimbia usiku, wengine peku, wakiwaogopa watu ambao ilipasa wawakimbilie. Kuhusu ndoa za utotoni, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019, kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Serikali na mahakama zimesema. Lakini mlango wa boma hufunguliwa na baba na mama.

Sasa, watu wengi wenye nia njema, hata walimu na mapadre wenzetu, hupenda kuwaonya wazazi kwa maneno kama haya: "Msimkekete, wala msimwoze mapema, kwa maana huenda akawa daktari, mbunge, au bingwa wa michezo." Hutaja Angella Okutoyi. Hutaja timu yetu ya taifa ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, iliyovaa jina la Serengeti kifuani, ikaenda India mwaka 2022, ikawashinda Wafaransa mabao 2 kwa 1, na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Hutaja na Theresia Dismas, aliyerusha mkuki huko Brazzaville mwaka 1965 akairudishia nchi yetu changa medali ya fedha. Mifano hii ni ya kweli na yafaa kuwatia moyo wasichana. Lakini ikifanywa kuwa sababu ya kumwepusha binti na kisu, msingi wake ni mbovu, nasi twaona sababu mbili za kusema hivyo.

Sababu ya kwanza ni binti asiye na kipaji chochote kionekanacho. Katika michezo ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, wanakimbia wengi na kushinda wachache. Ikiwa tumemwambia baba, "Mwache huyu kwa sababu anakimbia sana," baba atatuuliza kwa haki, "Na huyu mdogo wake, aliye mzito wa miguu na wa hesabu, naye nimwache kwa sababu gani?" Tutamjibu nini? Tukikubali kwamba thamani ya binti hupimwa kwa kile atakacholeta, basi hatukulikataa soko. Tumejadiliana bei tu. Na katika soko yule dhaifu huuzwa kwanza.

Wakristo wana mfano wa kuwafaa hapa. Mtakatifu Yosefina Bakhita, mzaliwa wa Darfur huko Sudan, aliibwa angali mtoto, akauzwa na kununuliwa mara nyingi. Kila mnunuzi alimtazama, akapima mikono na mgongo wake, akataja bei. Hakuna hata mmoja wao aliyeona alichokuwa ananunua. Mwaka 2000 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu, naye hakupata kushinda shindano lolote. Thamani yake ilikuwapo siku zote, hata siku ile bei yake ilipokuwa ndogo kabisa.

Sababu ya pili ni binti mwenye kipaji kweli. Yeye naye hayuko salama mikononi mwa mtu anayehesabu. Tuchukue habari za Jelena Dokic, aliyezaliwa Yugoslavia mwaka 1983 na kuhamia Australia utotoni. Mwaka 1999, akiwa na miaka 16, alimshinda huko Wimbledon Martina Hingis, ambaye wakati huo alikuwa wa kwanza duniani. Mwaka 2000 akafika nusu fainali papo hapo Wimbledon. Mwaka 2002 akawa wa nne katika ulimwengu wote. Magazeti yalimsifu baba kwa kumfundisha. Lakini katika kitabu alichokitoa mwaka 2017, Dokic alieleza kwamba baba yake alimpiga kwa miaka mingi, na kwamba jioni ile aliposhindwa katika nusu fainali, baba alimkataza kurudi hotelini. Binti mmoja kati ya wanne waliobaki katika mashindano makuu ya dunia, naye hana mahali pa kulala kwa sababu ameshindwa! Hapa hapakuwa na ng'ombe wala ngariba. Palikuwa na fedha, ndege na picha za magazeti. Lakini tofauti iko wapi? Mtoto alihesabiwa, na siku hesabu ilipopungua, mlango ulifungwa. Wakuu wa tenisi ya wanawake wenyewe waliiona hatari ya namna hii, na tangu mwaka 1995 wakaweka kanuni ya kupunguza mashindano ambayo msichana mdogo aweza kuingia, baada ya kuona watoto wa miaka 13 na 14 wakichoshwa kabla hawajakua.

Basi tusiwafundishe wazazi wa Tarime na Serengeti kuacha kumhesabu binti kwa ng'ombe ili wamhesabu kwa vikombe. Tunalotaka ni kwamba asihesabiwe kabisa.

Kanisa lafundisha nini? Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba mwanadamu ndiye kiumbe pekee hapa duniani ambaye Mungu alimtaka kwa ajili yake mwenyewe. Maneno haya ni mazito. Ng'ombe yupo kwa ajili ya maziwa na nyama. Shamba lipo kwa ajili ya mavuno. Binti hayupo kwa ajili ya kitu kingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye alifundisha kwamba mtoto asiyepata bado akili ya kujiongoza amo katika ulinzi wa wazazi kama katika tumbo la pili, tumbo la roho. Mfano huu ni mzuri sana. Mama humbeba mtoto tumboni ili azaliwe, si ili ambakize humo. Kadhalika mamlaka ya wazazi ni ya kweli, lakini ni mamlaka ya kumfikisha mtu kwenye uhuru wake.

Na kipaji je? Katika mfano wa talanta Bwana wetu alionyesha kwamba mali ni ya bwana aliyesafiri. Watumwa walikabidhiwa tu, na siku ya hesabu kila mmoja aliulizwa peke yake. Binti ndiye aliyekabidhiwa. Baba na mama hawakukabidhiwa kipaji kile. Walikabidhiwa mtoto, wamlinde hata aweze kukitumia. Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: kipaji ni mali ya Mungu, amana ya binti, na ulinzi wa wazazi. Hata binti mwenyewe si mwenye mali wa mwisho. Naye atatoa hesabu, asikitumie kwa majivuno wala kwa kuudharau mwili wake na jirani zake. Lakini mzazi anayekizika ardhini kwa haraka ya mahari, na mzazi anayemchapa mtoto ili kipaji kizae fedha, wote wawili wamejitwalia kiti cha Bwana.

Twajua wako watakaotupinga kwa methali: kazi mbi si mchezo mwema. Watasema, hata kama mchezo umeletea wengine sifa, je, mwanamke Mkristo aweza kuyatoa maisha yake kwa kupiga mpira juu ya wavu? Jibu letu ni kwamba methali hiyo yakemea uvivu, na katika mchezo wa namna hii hakuna uvivu. Tomaso wa Akwino alihesabu kuchezacheza kwa kiasi kuwa fadhila, kwa kuwa roho nayo huchoka kama mwili. Na yule aufanyaye mchezo kuwa kazi huamka alfajiri, hujinyima, hutii, hukubali kushindwa mbele ya macho ya watu na kuanza tena kesho yake. Mtume Paulo hakuona haya kuwatumia wanariadha kuwa mfano kwa Wakristo.

Tazameni Elina Svitolina, mwanamke wa Ukraine, aliyezaliwa Odesa mwaka 1994. Yasemwa kwamba katika nyumba yao kaka ndiye aliyefunzwa tenisi kwanza, naye binti mdogo akashika raketi ili wazazi wamtazame na yeye. Wasomaji wa Mara wataelewa jambo hilo bila kufafanuliwa. Alipanda hadi kuwa wa tatu duniani mwaka 2017, na mwaka 2021 akapata medali ya shaba katika Olimpiki ya Tokyo. Vita vikaikumba nchi yake Februari 2022. Oktoba mwaka huo alijifungua binti. Aprili 2023 alirudi uwanjani akiwa mama. Mei akashinda mashindano ya Strasbourg, Ufaransa, na zawadi yake ya fedha akaitoa kwa watoto wa Ukraine. Julai akafika nusu fainali ya Wimbledon. Hatudai kwamba yeye ni mtakatifu. Twasema tu kwamba ndoa, uzazi, kazi na sadaka vilikaa pamoja katika maisha ya mwanamke mmoja, kwa kuwa vilikuja kwa wakati wake na kwa hiari yake. Binti wa miaka 13 aliyelazimishwa kuolewa hakupewa ndoa. Alinyimwa nafasi ya kuitoa nafsi yake, maana huwezi kuitoa nafsi uliyonyang'anywa kabla hujaipata.

Kuna neno la mwisho la wapinzani, nalo lina uchungu wa kweli: "Kaka yake ataoa kwa nini?" Hatulidharau. Kijana asiye na ng'ombe huona haya mbele ya wenzake, na baba huona haya kuliko yeye. Lakini kaka ana mikono. Ana shamba, ana nguvu za ujana, na jumuiya ya Kikristo iwezayo kupunguza ukali wa mahari ikitaka kweli. Akijenga nyumba yake juu ya machozi ya dada yake, je, atawafundisha nini binti zake mwenyewe? Wazee wa ukoo wanaoketi pamoja kupanga mahari wana uwezo wa kuishusha. Kushusha mahari ni kazi ya imani kama ilivyo kujenga kanisa.

Basi, wazazi wapendwa wa Tarime, wa Serengeti na wa nchi nzima, hatutawaomba muwe na watoto mabingwa. Mwalimu akija kuwaambia kwamba binti yenu ana mbio, au mkono mzuri wa kurusha, au jicho la mpira, mpokeeni kwa furaha. Mpeni mtoto nafasi ya mazoezi, mpunguzieni mzigo wa kuni na maji mnaompunguzia kaka yake, na mchunguzeni kwa uangalifu mtu anayetaka kusafiri naye. Akishindwa, mpokeeni nyumbani kwa chakula kile kile ambacho angekula akishinda. Na ikiwa hakuna mwalimu ajaye, ikiwa binti yenu hana mbio wala hesabu wala sauti ya kwaya, mlindeni Desemba hii kwa bidii ile ile, pasipo kungoja sababu nyingine. Mwalimu, katekista, na mwenyekiti wa jumuiya ndogondogo wapite nyumba kwa nyumba kabla ya likizo, wakaulize kwa majina kila binti atakuwa wapi. Na shule zifunguliwapo Januari, wawahesabu tena: hapo tu ndipo inapofaa kuwahesabu.